Mifumo Haiongei: Ni Nani Aliyeamua Pesa ya Usafiri Iingie Fungu Gani?

Kila baada ya muda kuna kijana anafika Isiolo na kompyuta mgongoni, anauza programu ya hesabu. Maneno yao hufanana. Ukishaunganisha namba yako ya malipo na programu yetu, anakuambia, mifumo itaongea yenyewe. Wewe kazi yako itakuwa kuangalia bajeti kwenye simu ukinywa chai.

Maoni yangu ni haya: mifumo haiongei. Inapelekeana herufi na tarakimu tu. Maana ya zile herufi kuna mtu aliyeiamua mahali fulani, na mara nyingi mtu huyo hajawahi kukanyaga duka lako. Mimi nilisomea mambo ya masoko, si uhasibu, na sina shida na programu hizi. Ni nzuri, na biashara ikikua huwezi kuishi na daftari peke yake. Lakini kuna hatua moja katikati ambayo wauzaji huipita haraka haraka, na ndiyo hatua inayogombanisha watu. Ni kuoanisha, yaani kukubaliana kwamba kinachoitwa hivi huku, kule kinaitwa vile.

Sisi watu wa Isiolo tungepaswa kuielewa hii kuliko mtu yeyote. Ingia sokoni asubuhi. Mborana atakuambia aannan gaalaa, Msomali atasema caano geel, mimi nitasema maziwa ya ngamia, na mtungi ni uleule mmoja. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu sote tunaona mtungi. Lakini yakishagandishwa yakawa susa, bei inabadilika, na kila mtu pale anajua hiyo ni bidhaa nyingine. Kompyuta haioni mtungi. Ukiiandikia jina tofauti kwa kitu kimoja, itafikiri ni vitu viwili. Ukiiandikia jina moja kwa vitu viwili, itavichanganya na haitakuambia lolote.

Hebu tuchukue chama cha akina mama kinachonunua maziwa ya ngamia kwa wafugaji, kuyakusanya hapa mjini na kuyapeleka Eastleigh kwa basi la usiku. Nimechanganya mambo ya zaidi ya chama kimoja na hesabu nimezirahisisha, kwa hiyo usianze kukisia ni akina nani. Bajeti yao ya mwezi iko hivi: kununua maziwa shilingi 280,000, usafiri hadi Nairobi 60,000, umeme wa friza 18,000, mitungi na sabuni 12,000, vibali na ada ndogondogo 5,000. Jumla 375,000.

Karibu pesa yote inapitia simu. Sasa angalia stetimenti ya simu inajua nini. Inajua kwamba umetuma pesa kwa mtu, umelipa Paybill, umelipa tili, umetoa pesa kwa ajenti, au umekatwa ada. Basi. Haijui maziwa wala usafiri. Umeme hauna shida, maana tokeni zinalipwa kwa Paybill 888880 ya Kenya Power, na namba ya akaunti ni namba ya mita, kwa hiyo hata mashine inaweza kukisia vizuri. Lakini mfugaji wa Kulamawe analipwa kwa kutumiwa pesa kwenye laini yake. Na kondakta wa basi? Naye anatumiwa pesa kwenye laini yake. Kwa macho ya stetimenti hao wawili ni ndugu mapacha.

Aliyewaunganishia programu aliandika kanuni moja: pesa yoyote iliyotumwa kwa mtu iende fungu la kununua maziwa. Alimaliza kazi saa saba mchana akapanda gari. Mwisho wa mwezi ripoti ikatoka inang'aa na rangi zake: kununua maziwa 340,000, usafiri sifuri. Maziwa yamepita bajeti kwa 60,000.

Jumla ya matumizi ilikuwa sawa kabisa na bajeti, 375,000 kwa 375,000. Hapo ndipo mtego ulipo. Mtu yeyote akiangalia mstari wa chini anaona mambo yako sawa. Lakini wanachama hawakuangalia mstari wa chini. Waliangalia ule mwekundu.

"Dada, hii elfu sitini ya maziwa imeenda wapi?"

"Haijaenda popote. Ni ya basi."

"Lakini hapa basi ni sifuri. Ama tulipandishwa bure?"

Ukiwa umewahi kukaa kwenye mkutano wa chama, huo mwelekeo unaujua. Mweka hazina anaweza kuwa na kila ujumbe wa simu, lakini ripoti iliyochapishwa ina nguvu kuliko ujumbe 40 kwenye simu. Imetoka kwa kompyuta, na watu wanaamini kompyuta haina ndugu wala shemeji. Mwanamke ambaye amebeba chama miaka mingi anaanza kutazamwa kando kwa sababu ya kanuni ya mstari mmoja iliyoandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi Nairobi. Hiyo ndiyo sababu naandika makala hii. Pesa haikupotea, lakini kuaminiana kulikuwa karibu kupotea, na hicho huwezi kukirudisha kwa kubonyeza kitufe.

Kuna jambo lingine ambalo ripoti ile ililificha, na kwangu hili ni kubwa zaidi. Miamala ilipopangwa upya, mmoja mmoja, ikaonekana kwamba maziwa yalikuwa 271,000 na usafiri 69,000. Yaani maziwa walitumia chini ya bajeti na usafiri walizidisha kwa 9,000, kwa sababu nauli ya kila mtungi ilikuwa imepanda na hakuna aliyeijumlisha. Shida ya kweli ilikuwepo, ila ripoti ilikuwa inapigia kelele shida ya uongo. Na chama kama hicho kikienda kuomba mkopo wa gari la kubebea maziwa, kikiwa na ripoti inayosema usafiri ni sifuri, afisa wa mikopo atauliza swali la haki kabisa: gari la nini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo, tena mengi, na kila moja linaongea lugha yake.

Thamani ileile, maana tofauti

Watu wakisikia kuoanisha wanafikiri ni kazi ya majina tu. Kumbe hata tarakimu zina matatizo yake. Stetimenti ya simu huwa na safu mbili, moja ya pesa iliyoingia na nyingine ya pesa iliyotoka. Programu nyingi za hesabu zina safu moja tu, na zinatofautisha kwa alama ya kutoa. Ukikosea hapo, pesa uliyorudishiwa baada ya kutuma kwa namba isiyo sahihi inaweza kuhesabiwa kama mauzo. Unalipa kwa makosa asubuhi, unarudishiwa mchana, na jioni programu inakupongeza kwa kuuza.

Namba za simu nazo. Mtu mmoja anaweza kuandikwa akianza na 07, akianza na 254, au akianza na alama ya kujumlisha halafu 254, na siku hizi kuna za 01 pia. Fungua faili hilo kwa Excel bila kuiambia kwamba safu ile ni maandishi, itaikata sifuri ya mbele na kubaki na 7. Mteja mmoja amekuwa watu wanne. Zaidi ya hayo, kwa sababu za faragha, mara nyingi tarakimu za katikati hufichwa kwenye taarifa ya malipo, kwa hiyo kumtambua mteja kwa namba ya simu peke yake ni kujenga juu ya mchanga.

Tarehe ni hivyo hivyo. 03/07 hapa kwetu ni tarehe tatu mwezi wa saba. Programu iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani itasoma Machi 7. Kwa duka la kawaida hilo ni kero. Kwa mtu anayefanya biashara na serikali ya kaunti ni mwaka mwingine kabisa wa fedha, kwa sababu mwaka wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30.

Na usifikiri ni sisi wa mjini mdogo tunaosumbuliwa na haya. Wanasayansi wa jeni walikuwa na jeni inayoitwa MARCH1, na Excel ilikuwa inaigeuza kuwa tarehe ya mwezi wa tatu bila kuuliza mtu. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina hayo ilitoa mwongozo mpya, na jeni ile sasa inaitwa MARCHF1. Watu wenye maabara zao waliona afadhali wabadilishe jina la jeni kuliko kungoja Excel ibadilike. Mimi hiyo habari hunichekesha kila nikiikumbuka, lakini pia naona walikuwa sahihi: badilisha kile unachokimiliki.

Mfano unaonikaa zaidi kichwani ni wa kodi. Ukitoa ankara kupitia eTIMS ya KRA, kila bidhaa inapewa herufi. A ni bidhaa iliyosamehewa VAT. B ni asilimia 16. C ni ile ya kiwango cha sifuri. Sasa linganisha A na C. Kwenye karatasi zote mbili zinaonyesha kodi ya shilingi 0. Programu ya duka ambayo ina kisanduku kimoja tu kilichoandikwa "haina VAT" itazitupa zote mahali pamoja, na mwenye duka hataona tofauti yoyote kwenye risiti. Lakini kwa sheria si kitu kimoja. Anayeuza bidhaa za kiwango cha sifuri anaweza kudai VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake. Anayeuza zilizosamehewa hawezi, ile VAT inabaki kuwa gharama yake. Sifuri mbili zinazofanana kwa sura, moja inakurudishia pesa na nyingine hairudishi. Hakuna programu itakayokisia hilo kwa niaba yako. Lazima mtu anayeijua bidhaa aseme.

Hata kaunti iko kwenye shida hii

Wafanyabiashara wengi hapa wanaiuzia serikali ya kaunti kitu, iwe ni mafuta, chakula au kukodisha gari. Kwa hiyo ni vizuri kujua kwamba upande ule pia kuna kuoanisha, tena kukubwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, bajeti za kaunti huandaliwa kwa programu, yaani kwa lengo: maji, afya ya mama na mtoto, mifugo. Mwananchi akienda kwenye kikao cha maoni, hiyo ndiyo lugha anayosikia. Lakini malipo yakifika kwenye IFMIS, mfumo wa fedha unaotumiwa na serikali kuu na kaunti zote 47, yanapangwa pia kwa namba za aina ya matumizi kutoka kwenye orodha moja ya taifa. Usafiri wa ndani na marupurupu yake una namba inayoanza na 22103, mafuta ya magari 22112. Kitu kinachoanza na 2 kwa kawaida ni matumizi ya kila siku. Kinachoanza na 31 ni mali inayodumu.

Mtu wa Garbatulla anauliza: pesa ya kisima chetu imetumika kiasi gani? Kisima kimoja kinaweza kuwa na mafuta ya jenereta hapa, marupurupu ya mafundi pale, na pampu kwenye fungu lingine kabisa. Swali lake ni rahisi, lakini jibu linataka mtu aliyeoanisha vizuri lugha ya lengo na lugha ya namba. Nami sidhani tunaulizia hilo vya kutosha kwenye vikao. Tunauliza "ni ngapi", hatuulizi "imewekwa fungu gani". Na wewe msambazaji unayengoja kulipwa, kumbuka fungu likiwa halipo kwenye mfumo, au halina salio, ankara yako haisongi hata kama kila mtu ofisini anakubali kwamba ulileta bidhaa.

Fungu la "Nyinginezo" lifungwe

Hapa najua wahasibu wengine hawatakubaliana nami. Programu karibu zote zina mahali pa kutupia kitu ambacho hakijapata mwenzake. Panaitwa Nyinginezo, au Mengineyo, au Matumizi ya Jumla. Mimi nasema fungu hilo lisiwe mahali pa kuangukia pesa kimyakimya. Muamala usiojulikana usimame, ungoje kwenye orodha yake, na orodha hiyo ionekane ukurasa wa kwanza ikiwa na idadi na jumla ya shilingi.

Watasema hivyo utachelewesha ripoti. Ni kweli, utaichelewesha kidogo. Miamala kumi na moja ya kupanga kila Ijumaa ni kazi ya nusu saa kwa mtu anayewajua wateja wake. Lakini ikishaangukia Nyinginezo haina mwenyewe tena. Baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka ile 3,200 ilikuwa ya nini, na Nyinginezo limekuwa fungu la tatu kwa ukubwa katika biashara. Mfadhili au benki akiona fungu la tatu kwa ukubwa halina jina, atafikiri unachofikiri wewe sasa hivi.

Nusu ya shida unaweza kuizuia kabla haijaingia. Kama unatumia Paybill, kile kisanduku cha namba ya akaunti ni chako, wewe ndiye unayewaambia wateja waandike nini. Ukiwaacha waandike wanavyotaka utapata "maziwa", "milk", "mziwa", jina la mtoto, na emoji. Wape kitu kifupi: M1 ni maziwa mabichi, M2 ni susa, D ni deni la zamani. Kibandike ukutani karibu na namba ya Paybill, kwa herufi kubwa. Kwa tili hakuna kisanduku hicho, kwa hiyo kama una biashara mbili ndani ya duka moja, fikiria kuwa na tili mbili. Na kwa pesa unazotuma nje, tenganisha laini: moja ya kuwalipa wafugaji, nyingine ya usafiri na mambo mengine. Wale akina mama wangefanya hivyo, ile kanuni ya mstari mmoja haingewachanganyia usafiri na maziwa.

Kisha lile jedwali lenyewe. Kwa maoni yangu mwenye jedwali ni mweka hazina, si fundi. Fundi aliingize kwenye mashine, sawa, lakini liandikwe kwanza kwenye karatasi ambayo mweka hazina anaweza kuisoma mbele ya wanachama: upande wa kushoto kile stetimenti inachosema, upande wa kulia fungu la bajeti, na safu ya tatu ya nani alikubali na tarehe gani. Tarehe ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mkiamua Oktoba kwamba mitungi itoke kwenye fungu la usafi iende kwenye fungu la vifaa, je, miezi ya nyuma nayo inabadilika? Programu nyingine zitapanga upya mwaka mzima bila kuuliza, na ripoti ya Juni mliyompa mfadhili haitafanana tena na ripoti ya Juni iliyo kwenye mashine. Amueni, muandike.

Kabla hujaweka sahihi kwa yule kijana wa kompyuta, chukua stetimenti yako halisi ya mwezi mmoja. Si ile ya mfano aliyokuja nayo. Chagua miamala ishirini unayoikumbuka vizuri, mmoja ukiwa wa pesa iliyorudishwa, mmoja wa kondakta, mmoja wa mfugaji na mmoja wa tokeni. Mwambie aipitishe kwenye programu yake ukiwa umekaa hapo. Angalia kila mmoja umeangukia fungu gani, usiangalie jumla. Halafu mwulize muamala wa ishirini na moja, ambao hakuna kanuni inayouhusu, utaenda wapi. Akisema "usijali, mfumo utajipanga wenyewe", mrudishie kalamu yake.